Muulize Mchuuzi: Doti ishirini za kwenda Bagamoyo

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 26, naishi Mbagala, nina mtoto mmoja. Natembeza kanga na hereni mitaani kwetu, na siku za kazi nasaidia kwenye mgahawa wa mtu mpaka saa 10 jioni. Rafiki yangu ananisisitiza niende tamasha la sanaa la Bagamoyo. Anasema kule watu wanauza mpaka mzigo unaisha, na wazungu wanajaa tele. Nataka kuondoka Ijumaa nirudi Jumapili, mtoto atabaki kwa bibi yake. Mtaji wangu ni shilingi 300,000. Kuna tajiri mmoja Kariakoo amesema atanipa doti 60 kwa mali kauli, nimlipe nikirudi. Nichukue? Hereni nizibebe au niziache, nishike kanga tu? Nafasi ya kuuzia inapatikanaje, nalala wapi, nauza saa ngapi? Sitaki kurudi na deni.
Mama wa Mmoja, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu.

Rafiki yako hakudanganya, ila kabakisha nusu ya maneno. Wapo wanaomaliza mzigo Bagamoyo, na mara nyingi ni wale waliokwenda na mzigo mdogo. Wazungu nao wapo. Mzungu atashika kanga, ataisifu, atauliza inafungwaje, utamfunga kiunoni, atapiga picha, na pengine atanunua moja. Ni mteja mzuri, mkaribishe. Lakini mimi nikifungua pochi Jumapili nikahesabu, fedha iliyojaa mle ni ya mama wa Dunda au wa Magomeni ya palepale Bagamoyo, aliyewahi kupika, akawaogesha watoto, akaja nao kuangalia ngoma. Mzigo wako ununue ukimfikiria huyo.

Na huyo mama hakutoka nyumbani ili anunue kanga. Huku mtaani ukimpitia mtu mlangoni ana nafasi: atakuvutia mkeka ukae, atafungua doti zote moja moja, atakuuliza kama unapokea kidogo kidogo. Kwenye tamasha macho yake yako kwa wacheza ngoma, mkono mmoja kamshika mtoto, wa pili una mshikaki. Unapata dakika mbili zake, pengine moja. Kwa hiyo ukiwa Kariakoo, kabla hujalipa, jiulize: hiki kitu mtu anaweza kukitumia usiku huu huu, kabla hajafika kwake? Kama anaweza, beba. Kama ni cha kwenda kuwekwa kabatini, beba kidogo tu kwa ajili ya Jumapili. Nitakwambia kwa nini.

Chukua kanga yenyewe. Doti inatoka dukani haijakatwa wala kupindwa, na sisi wanawake tunaipenda hivyo kwa sababu ndiyo dalili kwamba ni mpya. Kwa zawadi na kwa harusi, sawa kabisa. Lakini TaSUBa, kile chuo cha sanaa tamasha linapofanyika, iko ufukweni. Jua likishazama, saa 12 na nusu hivi, upepo wa bahari unaanza kupiga, na watoto waliokuja na vifulana wanajikunyata. Mama anataka kitu cha kumfunika mtoto sasa hivi, na kingine cha kutandika akae, maana mchanga haukaliwi na gauni la kutokea. Doti iliyoshikana haimsaidii. Basi nusu ya doti zako zipeleke kwa fundi cherehani mapema, azikate azipinde, na hizo ndizo uzitundike mbele. Mtu akitaka upande mmoja, muuzie upande mmoja. Nawajua wachuuzi wanaokataa kuvunja doti, wanaona kama ni kujidhalilisha, halafu wanarudi nazo nyumbani nzima nzima.

Halafu angalia mtu anavyonunua kanga. Anashika pindo la chini, anaivuta mpaka lile jina litokee, analisoma kwa sauti, kisha anamgeukia shoga yake. Wakicheka wote wawili, hapo ndipo bei inaulizwa. Sasa majina ya vijembe yaache Mbagala. "Hasidi hana sababu" inauzika mtaani ambako mtu anajua anamvalia nani. Kwenye umati wa watu asiowajua amvalie nani? Beba za heri: "Nani kama mama", "Wema hauozi". Hizo hata mgeni akikuuliza maana yake unamweleza kwa maneno matatu, huku unaendelea kumrudishia mwingine chenji. Kunja kila kanga jina likae juu, mteja asihangaike kufungua, na wewe usihangaike kukunja upya gizani.

Usiku beba taa yako, na iwe nyeupe. Taa za jukwaani zinabadilika rangi kila wimbo, na kanga ya zambarau inaonekana nyeusi, ya machungwa inaonekana nyekundu. Mtu akifika nyumbani akakuta si rangi aliyoichagua, kesho yake anakurudia kwa kelele, na wanaosikia kelele hawaji kuuliza chanzo. Taa ya kuchaji inatosha. Ichaji kabla hujatoka Dar, usitegemee soketi ya mtu.

Sasa hesabu. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo wewe weka za siku utakayonunua, mimi nakupa mfano tu. Tuseme doti unaichukua jumla kwa 9,000. Doti 20 ni 180,000. Fundi akupindie 10 kwa 1,000 kila moja, ni 10,000. Ambazo hazijapindwa unauza 13,000, zilizopindwa 15,000. Ukiuza zote bila kubakiza hata moja, faida yako baada ya kutoa bei ya dukani na ya fundi ni 90,000. Inapendeza, eti? Sasa toa safari kama ulivyoipanga wewe, Ijumaa mpaka Jumapili: nauli kwenda na kurudi pamoja na mzigo na bajaji 20,000, nafasi ya kuuzia 20,000, gesti usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi 30,000, chakula 15,000. Hiyo ni 85,000. Umesafiri karibu kilomita 70, umelala nje, umemwachia bibi mtoto, umerudi na 5,000. Na hapo umeuza kila kitu!

Ndiyo maana hereni haziachwi nyumbani. Chukua dazeni tano, tuseme dazeni ni 6,000, jumla 30,000. Ukiuza jozi kwa 1,500, jozi 60 zinakuachia faida ya 60,000, na mfuko wake unakaa mapajani ndani ya basi, kondakta hakudai kitu. Msichana wa shule hana 15,000 ya kanga, lakini 1,500 anayo, na atazivaa palepale. Kwa hiyo beba kioo. Kisiwe kile kidogo cha kupakia wanja. Kiwe cha kuonyesha uso mzima na shingo. Mpe akishike mwenyewe. Ukimshikia wewe anaona haya, anakwambia nitarudi, na harudi. Akikishika mwenyewe anageuza kichwa huku na huku, mwenzake anamwambia zimekupendeza, na wewe kazi yako ni kunyamaza tu.

Na ile Ijumaa, ningekuwa wewe ningeiacha. Unatoka kazini saa 10 jioni, ufike Makumbusho kupanda gari la Bagamoyo muda ambao kila mtu anarudi nyumbani, upite Tegeta na foleni ya mwisho wa wiki, ufike usiku na mizigo, utafute gesti gizani, na uuze nini? Ondoka Jumamosi alfajiri. Barabara ni nyeupe, Bunju, Mapinga, Kerege, umefika watu bado wanakunywa chai. Na tafuta mwenzako anayeuza kitu kisichogongana na chako, kama viatu vya watoto au udi. Mtagawana nafasi, mtagawana chumba, na mmoja akienda msalani mwingine analinda meza. Ukienda hivyo, safari inakuwa nauli 20,000, nusu ya nafasi 10,000, nusu ya gesti usiku mmoja 7,500, chakula 10,000, jumla 47,500. Sasa ukiuza vyote, kanga na hereni, unarudi na faida ya 102,500. Ukiuza nusu tu, bado una faida ya 27,500 na nusu ya mzigo utakaoutembeza Mbagala kama kawaida yako. Na kwenye ile 300,000 yako umetumia 267,500 tu. Iliyobaki, 32,500, ivunje iwe sarafu za 500 na noti za 1,000 na 2,000. Hiyo ndiyo chenji yako. Mchuuzi anayekimbia kwa jirani kutafuta chenji huwa anamwachia jirani na mteja.

Kuhusu mali kauli. Huyo tajiri wa Kariakoo simlaumu, naye anataka mzigo wake utoke. Lakini doti 60 kwa siku mbili, kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, ni deni umelibeba kichwani. Kama unataka kuongezea zile 20 zako, muombe doti 10 tu, na kwa sharti moja linaloandikwa kwenye karatasi na kusainiwa: kisichouzwa kinarudi, na hulipi kilichorudi. Akikataa sharti hilo, muage kwa heshima, urafiki ubaki. Akikubali, kumbuka za kwake hazikanyagi kwa fundi. Kanga ikishakatwa ni yako, hakuna tajiri atakayeipokea. Zako ndizo za kupinda, za kwake uza zilivyo, na mifuko yake iwe mbalimbali usije ukachanganya.

Nafasi haitafutwi siku ya tamasha. Mji wote unajua pale mahali kama Chuo cha Sanaa. Chuo kilianza 1981, na tangu 2007 ndiyo TaSUBa, kwa hiyo ukimwambia bodaboda jina lolote kati ya hayo atakufikisha. Tarehe za tamasha hazikai siku moja kila mwaka, basi uliza ofisini kwao wiki kadhaa kabla, na papo hapo uulize utaratibu wa wachuuzi: wanalipia nini, meza wanatoa au unakuja nayo, turubai la nani. Lipa, dai risiti, ipige picha kwa simu. Wengi wanadhani kile kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, vile vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa 20,000, kinatosha kumfungulia mtu kila mahali. Kuwa nacho, kinasaidia, ila ndani ya eneo la mtu anayeandaa shughuli yake unafuata masharti yake. Ukitaka kutandika nje, barabarani, huko ni habari ya halmashauri ya wilaya, nenda kwa afisa biashara. Usisubiri mgambo akueleze.

Ukiruhusiwa kuchagua, usikae karibu na spika. Utapiga kelele mpaka sauti ikauke na mteja haisikii bei. Usikae pia upande ambao moshi wa mishikaki unaelekea. Kanga inanyonya harufu ya nyama na huitoi kwa siku mbili. Mimi napenda kukaa kwenye njia ya kutoka kwenye ngoma kwenda kwenye chakula. Watu wanapita hapo taratibu, wameshaacha kuangalia jukwaa, bado hawajaanza kula, mikono mitupu. Funga kamba ya katani, tumia vibanio vya nguo, viwili kwa kila upande, na pembe za turubai uziwekee mawe. Huo upepo nilioutaja haubagui. Beba na nailoni kubwa ya kufunikia meza, tamasha linaangukia karibu na vuli.

Saa za kuuza ni chache kuliko unavyofikiri. Mchana wa Jumamosi wanapita wanafunzi na wapiga picha. Uza hereni, pumzika, kula. Kuanzia saa 11 jioni usikae chini tena. Mpaka saa 4 usiku hapo ndipo tamasha lako lilipo, lote, na ukitoka kwenda kuangalia sarakasi saa 2 usiku umejilipia kiingilio kikubwa. Jumapili asubuhi ndipo zinapotoka zile doti ambazo hazijapindwa. Waliotoka Dar wanafungasha, wanakumbuka kwamba nyumbani kuna mama mkwe, na hapo kanga mpya isiyokatwa ndiyo inayotakiwa. Saa 8 mchana funga mzigo, uwahi gari kabla wote hawajajaa stendi.

Malipo ya simu pokea, lakini usitazame ujumbe kwenye simu ya mteja. Tazama salio lako. Watu wakijaa mahali pamoja mtandao unalegea, ujumbe wako unachelewa, na wajanja wanaijua hiyo hali. Mwambie kwa upole, "Dada, tusubiri uingie." Mwaminifu atasubiri, na wakati anasubiri mwonyeshe hereni.

Gesti piga simu mapema, zinajaa. Na mzigo ulale na wewe chumbani. Ukiambiwa kuna mlinzi, mshukuru, halafu panda bajaji na mzigo wako.

SWALI: Habari za kazi mama. Mimi ni mchonga vinyago, nafanyia Mwenge. Nikienda kwenye matamasha ya miji midogo wageni wananiuliza bei kwa dola, na wakilipa dola napata tabu. Safari moja nilipewa noti imechanika pembeni, kila nilipoipeleka ikakataliwa. Tena wanapunguza bei mpaka nusu. Nifanyeje?
Fundi, Dar es Salaam

JIBU: Nzuri fundi, pole na vumbi.

Dola achana nazo, na safari hii una sheria nyuma yako. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Andika bei kwa shilingi kwenye kikaratasi, kibandike chini ya kila kinyago, na mgeni akikuuliza dola ngapi, mgeuzie asome. Atakayesema hana shilingi, mwelekeze kwenye mashine ya kutolea fedha mjini. Anayekitaka kinyago kweli atakwenda na kurudi.

Hilo la kupunguziwa nusu, nitakuuliza swali moja: ulianzia wapi? Kama kinyago cha 30,000 ulikitaja 90,000, ulimfundisha mwenyewe kwamba bei zako zina hewa. Vitu vidogo viwekee bei isiyoshuka: miiko, vibanio vya nywele, vishikio vya funguo. Andika na usimame hapo. Vikubwa acha nafasi ya kuongea, lakini nafasi ya mtu mzima.

Na neno moja, sisemi wewe. Kuna wanaopaka mti mweupe rangi ya viatu wakauita mpingo. Ndani ya duka lenye feni unaweza kupita nayo. Chini ya turubai saa 8 mchana, mteja ana jasho viganjani, anakizungusha kinyago mara mbili, anakiweka mezani, anatazama mikono yake: myeusi. Hakuna maelezo hapo. Kama unauza mti mwingine, sema ni mti gani na bei yake iwe yake. Wapo wanaopenda mti mwekundu au mweupe kwa uzuri wake, na ni mwepesi kwenye mizigo yao ya ndege, jambo ambalo unaweza kulitaja.

SWALI: Dada, mimi nauza kanga na vitenge kwenye maonyesho na matamasha. Nina jirani mmoja tunakutana kila mahali. Nikitaja bei, yeye anamwita mteja wangu mbele yangu na kushusha 1,000. Nimemsema, hasikii. Nimgombeze mbele ya watu au nishushe na mimi?
Mchoka Jirani, Morogoro

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo mawili mdogo wangu. Ukigomba, watu wanakuja kuangalia ugomvi, hawanunui. Ukishusha, atashusha tena, mteja anakaa katikati anasubiri mpaka mmoja wenu auze kwa hasara.

Yalinikuta Lindi wakati wa Nanenane, viwanja vya Ngongo. Jamaa alikuwa na kanga zilezile, rangi zilezile, inaonekana tulinunua kwenye duka moja. Asubuhi nzima kila nikitaja bei, yeye ananikata. Mchana nikazikunja zangu zote zinazofanana na zake, nikaziweka chini ya meza, nikatundika vitenge na kanga za watoto ambazo yeye hakuwa nazo. Sasa atashusha bei ya nini? Mteja akiniuliza zile kanga nyingine, nilimwonyesha meza yake kwa kidole: "Zipo pale kwa kaka, bei yake nzuri." Mara ya kwanza alinitazama kama nimechanganyikiwa. Kufika alasiri, watu waliotoka kwake kununua kanga nao akawaelekeza kwangu kwa vitenge. Jioni akaniomba nimlindie meza akaswali. Hatukuwa marafiki, wala sijui jina lake. Kesho yake zake zikaisha, nikazitoa zangu chini ya meza, nikauza kwa bei yangu.

Kwa hiyo kabla ya kutandika, pita kwenye meza yake umsalimie, uone kabeba nini. Halafu ndipo uamue cha kutundika.

SWALI: Mama, nataka kuuza kachori na mihogo ya kukaanga kwenye tamasha la mji wetu. Nifungie kwenye mifuko ya nailoni kama zamani? Na kuna jingine la kuangalia?
Msomaji, Chalinze

JIBU: Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na kwenye tamasha ndipo maofisa wanapopita. Nunua mifuko ya karatasi ya kaki, ile midogo, inauzwa kwa mafungu. Gazeti usifungie, wino unahamia kwenye mafuta, na mteja anayejali anaona.

Kapime afya hospitali kabla, wewe na anayekusaidia, mtembee na vyeti vyenu, maana bwana afya atavidai mapema kuliko mteja atakavyodai kachori. Weka ndoo yenye bomba na sabuni upande ambao watu wanaona. Anayepokea fedha asiwe anayeshika chakula. Kama uko peke yako, tumia koleo. Mihogo kaanga kidogo kidogo, watu wanafuata sauti ya mafuta. Na chatne iwe kwenye chombo chenye mfuniko, na kijiko, umtilie mteja mwenyewe. Ukiacha kila mtu atumbukize kachori yake aliyokwisha iuma, wa kumi hatakuja.